Vumbi la chaki

Jumapili, usiku.

Nimepuliza picha niondoe vumbi, nusu ya shavu la bibi harusi ikaondoka nalo. Ndizo chaki za rangi hizo. Zamani nilipeleka picha ya namna hii kwa mhariri mmoja, nimeikumbatia ndani ya daladala iliyojaa. Kufika, rangi yote iko kwenye shati langu. Hakunilipa. Aliniuliza kama nauza shati.

Basi usiku huu namuwaza Margaret Brundage wa Chicago. Mwaka 1932, uchumi wa Marekani ukiwa hoi, na yeye ana mama na mtoto wa kulisha, alianza kuchora majalada ya Weird Tales, jarida la hadithi za kutisha. Ndani karatasi duni, ya kugeuka manjano upesi. Nje jalada la rangi, ndilo la kumfanya mpita njia atoe senti zake 25. Kwa kila jalada alilipwa dola 90. Kati ya 1933 na 1936 alichora 39 mfululizo, pasipo mchoraji mwingine kupenya. Mimi hata matatu mfululizo sijawahi kupewa!

Alichora wanawake nusu uchi, popo, mijeledi, na wasomaji wakagombana kwa barua. Saini yake ilikuwa "M. Brundage" tu, wengi wakadhani ni mwanamume.

Ila mimi nimeganda kwenye pasteli, yaani chaki hizi za rangi. Hakutumia rangi za mafuta. Alitumia unga huuhuu unaonichafua vidole. Na ulimfaa, kwa sababu mhariri wake, Farnsworth Wright, alikuwa mjini humohumo. Mwaka 1938 jarida likauzwa, likahamia New York. Sasa picha ya unga utaisafirishaje umbali ule? Isitoshe, huko nako wakubwa wa mji walikuwa wameanza kuyabana majalada ya uchi. Kazi zikapungua, za wachoraji wengine zikaingia, na jalada lake jipya la mwisho likatoka 1945. Alifariki 1976. Miaka yote hiyo katikati aliendelea kuchora, lakini mfululizo ule haukurudi.

Najiuliza kama aliwahi kufikiria kubadili rangi. Mimi nimefikiria mara nyingi, na rangi za mafuta ninazo kabatini, hazijafunguliwa.

Shavu nimelirudishia. Mteja nimemwambia kesho aje kuchukua mwenyewe, na aje na gari.