Boksi lililomtangulia mtoto

Boksi lilifika wiki mbili kabla ya mtoto. Nilikuwa hapa Columbus, Ohio, miguu imevimba, nikalikuta mlangoni likiwa na jina langu kamili. Ndani makopo mawili ya maziwa ya unga, chupa ndogo, vocha za punguzo, na picha ya mama anayecheka. Sikuwa nimeagiza chochote. Baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba nilijisajili kwenye programu ya simu ya kuhesabu wiki za mimba, nikaandika anwani na tarehe ya matarajio.

Nilifurahi, sitaficha. Ugenini huna shangazi wala wifi, mtu akikukumbuka kwa zawadi unashukuru. Nikayaweka kabatini.

Siku ya tatu baada ya kujifungua maziwa yalikuwa bado hayajajaa. Yalitoka matone mazito ya njano, dang'a, nami nikaona hayatoshi. Mtoto analia, mume yuko ghalani zamu ya usiku. Saa tisa usiku nikafungua kabati. Akanywa, akalala masaa manne mfululizo. Kesho yake nikampa tena. Hakuna aliyenieleza kwamba tumbo la mtoto mchanga ni dogo na dang'a ile ingemtosha, wala kwamba ziwa hutengeneza kadiri linavyonyonywa. Kila chupa ilipunguza kunyonya, na kunyonya kulipopungua maziwa nayo yakapungua. Mwezi wa pili yakakauka.

Nilipompigia mama, Tanga, aliuliza kitu kimoja: "Uji wa pilipili manga anakupikia nani?" Sikuwa na jibu. Kwetu mzazi hutimiza arobaini akikandwa na kunyweshwa supu ya pweza, kazi yake kunyonyesha tu. Mimi wiki ya sita nilikuwa nimesharudi kuhudumia wazee.

Mwaka 1981, Geneva, nchi 118 zilipitisha kanuni za kuzuia kampuni kuwatangazia wazazi maziwa ya kopo na kuwapa sampuli za bure. Nchi moja tu ilipinga: Marekani. Mpaka leo haijazifanya sheria, ndiyo maana boksi linaweza kufika mlangoni kwangu. Nilipolijua hili nililia kwa hasira, kwa sababu miaka yote nilidhani mwili wangu ndio ulioshindwa.

Simlaumu mama anayetumia kopo. Jirani yangu wa Bukavu anakata nyama kiwandani usiku kucha. Atanyonyesha saa ngapi? Ila aliniambia neno lililonichoma: "Dada, maziwa ya kopo ndiyo ya watu wa hapa." Kumbe wenyeji wengi wenye uwezo ndio wanaohangaika kunyonyesha, na pampu ya kukamulia hulipiwa na bima. Hata WIC, mpango wa serikali unaotugawia makopo, humpa mama anayenyonyesha bila kopo chakula kingi zaidi, tena mpaka mtoto afike mwaka. Mimi nilisikia habari za makopo tu.

Mtoto wa pili nilimnyonyesha miezi kumi na tisa. Wanawake wa msikitini walipokezana kuniletea uji.

Sasa binti wa jirani yangu ana mimba ya miezi minane. Juzi nimeliona boksi mezani kwao, halijafunguliwa. Nimemwomba namba ya mume wake, nijue lini anaingia zamu za usiku. Pilipili manga ninayo ya kutosha.