Tusubiri mashine za nini, mabwawa yapo

Kila ikizuka hadithi ya majitaka hapa kwetu Zanzibar utasikia tunataka mtambo mkubwa wa kisasa, mashine za kupuliza hewa, sijui nini, na mie nikisikia hivyo nakumbuka ule mwisho wa 2009 Unguja nzima ilipokosa umeme mpaka Machi 2010, waya wa chini ya bahari unaotuletea umeme kutoka bara ndo ulikuwa umetuacha. Sasa hebu fikiri mtambo unaopulizia hewa bakteria wanaokula uchafu, usiku na mchana, umeme ukikatika siku chache tu wale bakteria wanakufa na mtambo wenu wa mabilioni unabaki tangi la kinyesi basi.

Ndo maana nimependa wanavofanya Morogoro. Shemegi yangu anakaa kule, akanipeleka Mafisa kwenye mabwawa ya majitaka ya mji (wenzangu wakienda Morogoro wanapelekwa milimani, mie nikapelekwa huko, na wallahi sikujuta). Hakuna panka wala mngurumo, ni maji tu yamelala juani.

Kazi yake kwa kawaida iko hivi: kwanza majitaka yanapita kwenye chekeche la vyuma linalozuia mataka makubwa, na hapo ndo utajua watu wanatupa nini chooni, pampasi, vitambaa, mifuko, hata ndara ya mtoto, na lazima awepo mtu na reki ayavute kila siku la sivyo panaziba. Halafu bwawa refu la kwenda chini, mita mbili mpaka tano, uchafu unazama na kuoza bila hewa, juu linafanya gaga jeusi. Linalofata lina kina cha mita moja na nusu hivi na ni la kijani kabisa, nilidhani limechafuka zaidi kumbe ule ukijani ndo mashine yenyewe, ni vijimea vidogo vidogo vinakula jua na kutoa hewa, bakteria wanavuta ile hewa wanamaliza uchafu. La mwisho kina chake ni kifupi zaidi, jua linapenya linaua vijidudu. Safari nzima inachukua wiki kadhaa na bili ya umeme karibu na hakuna. Pembeni watu wanalima mpunga na mboga kwa maji hayo, na hapo mie naona kuna kazi ya kupima, sio kila bwawa linafikia usafi wa kumwagilia mchicha.

Sie je? Mji Mkongwe mabomba ya zamani yanamwaga majitaka baharini vilevile yalivyo, na Ng'ambo kila nyumba na karo lake, yaani shimo la choo, likijaa unaita gari la kunyonya, mpira unapita kwenye kichochoro majirani wanafunga madirisha. Kisima nacho kiko hapohapo nyuma. Kisiwa hiki kipindupindu kinakijua tangu 1978, tusijifanye wageni.

Kwenye maweni, ardhi ya mawe ya matumbawe, bwawa halikai hivihivi, jiwe lina matundu, maji yanazama moja kwa moja kwenye visima, itabidi litandikwe plastiki nzito chini na hiyo ni pesa. Lakini Pemba jamani! Mabonde ya mpunga yanashika maji wenyewe mnayaona, mji kama Chake Chake ukipata bonde moja tu kazi imekwisha nusu.

Ila bwawa la kwanza linanuka, nisikudanganyeni. Na kwetu upepo una misimu yake, kaskazi linatokea kaskazini mashariki, kusi linatokea kusini mashariki, kwa hiyo ili mji usipate harufu bwawa liwe magharibi, na magharibi ya Chake ni mkono wa bahari na mikoko. Ukienda mashariki kuna ardhi ila harufu itaingia mpaka sokoni. Labda kusini kidogo, mbali na nyumba, wavumilie kipindi cha kusi. Wenyeji wa Chake mnasemaje, bonde gani halina ugomvi wa urithi?