Kipupwe cha Tanga na baiskeli zetu
Tangu mvua za masika zikatike na kipupwe kuingia, jioni za Tanga zimekuwa za kupendeza mno, nami nimeamua kutozipitisha tena ndani ya nyumba. Jiji letu limezoea baiskeli tangu zamani, na ardhi yake kwa sehemu kubwa ni tambarare, kwa hiyo mimi na wenzangu tumeanza kuendesha kwa starehe kila Jumapili alfajiri. Safari niliyoipenda kuliko zote ni ya Mapango ya Amboni, takriban kilomita 8 kaskazini mwa mjini kwa barabara ya Horohoro. Ndani ya mawe yale ya chokaa giza ni zito kweli, na mwongozaji alipoinua tochi tuliwaona popo wamening'inia darini, huku matone ya maji yakidondoka taratibu kwenye mwamba ulioloa.

Jambo jingine jipya kwangu ni kuchora kwa penseli. Hukaa Bustani ya Jamhuri, nikaitazama bandari na Kisiwa cha Toten ng'ambo ya maji, nikajaribu kuupata mstari wa mikoko kabla jua halijazama. Nakiri kwamba mikoko ni migumu kuichora, lakini furaha yake ni kubwa, hasa watoto wanapokuja kuchungulia na kusema waziwazi kilichokosekana.

Ndugu wa Tanga mnaopenda kuungana nasi Jumapili ijayo, njooni na tochi, maji ya kunywa na pampu ya baiskeli.