Swali la Neema

Juma hili mama amerudi kutoka Kondoa na mafundi wamemaliza paa la nyumba ya Ihumwa, lakini kinachonikosesha usingizi ni neno alilolisema Neema Jumapili jioni tulipokuwa tukichambua mchicha. “Shangazi,” aliniuliza, “ikiwa kitu kikienda kasi tungamo lake huongezeka, mbona hakifiki mahali kikageuka shimo jeusi?” Nilimjibu kwamba tungamo la kitu chenyewe, yaani lile kilicho nalo hata kikiwa kimetulia, halibadiliki, kinachozidi bila kikomo kadiri kinavyoikaribia kasi ya mwanga ni nishati yake na momenta yake, yaani kipimo cha msukumo wa mwendo wake pamoja na upande uendako. Protoni, chembe za kiini cha atomu, zinazozungushwa katika mtambo wa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, hubeba nishati inayozidi mara 7,000 ile ya protoni iliyotulia, wala hazigeuki mashimo meusi, yale ambayo hata mwanga hauwezi kuyatoroka, kwa sababu anayesafiri sambamba na protoni huiona imetulia, na shimo jeusi haliwezi kuwapo kwa mtazamaji mmoja likakosekana kwa mwingine.

Akanitazama, akasema: “Kwa hiyo kitabu chetu cha shule, kinachosema tungamo huongezeka, kinatudanganya?”

Neno hilo limenichoma. Kitabu hakidanganyi, kinafuata namna ya zamani ya kuhesabu, inayoipa nishati yote jina la tungamo, na hesabu zake hutoka sahihi. Hata hivyo Einstein mwenyewe, katika barua aliyomwandikia mwandishi Lincoln Barnett mwaka 1948, alishauri dhana hiyo iachwe, na inaniuma kuona mtoto wa kidato cha sita akiachiwa aitegue peke yake.

Jana usiku ukaingia ujumbe wake: “Shikamoo Shangazi. Gesi iliyofungiwa chomboni ikipashwa moto, chembe zake zikaongeza kasi, chombo hakizidi uzito?” Nilisimama kwa furaha. Kinazidi, ingawa kwa kiasi kidogo mno, kwa kuwa momenta za chembe zinazokwenda kila upande hufutana, ilhali nishati ya mwendo wake hubaki chomboni na kuwa sehemu ya tungamo la chombo kizima. Katika nadharia aliyoikamilisha Einstein mwaka 1915, uvutano hautokani na tungamo peke yake, bali na nishati, momenta na shinikizo kwa pamoja. Hata tungamo la protoni, kwa sehemu kubwa, ni nishati iliyomo ndani yake.

Nitamjibu kwa urefu Jumamosi, Mungu akipenda. Mvua imeshika Hombolo, na zabibu za shemeji hazijapata mnunuzi.