Vifungo vya Orioni

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wiki hii nimekaa na Ayubu sura ya 38, mstari wa 31, pale Mungu anapomwuliza kama aweza kuifunga Kilimia au kuvilegeza vifungo vya Orioni. Kilimia, kile kishada cha nyota, babu zetu waliijua kwa mvua na jembe. Mimi nimebaki kwa Orioni, kundi la nyota ambalo wengine huliita Jabari.

Jioni hizi za Januari, mkitoka nje mtaona nyota tatu zilizojipanga mstari. Kando yake kuna nyota nyingine hafifu zinazofuatana, na ya katikati ina ukungu, kama pumzi kwenye kioo. Huo ni nebula, wingu la gesi na vumbi lililo umbali wa takriban miaka ya nuru 1,300, na humo nyota zinazaliwa. Sehemu ya wingu huelemewa na uzito wake yenyewe, hujikusanya, hubanana, hupata joto, hadi kiini kinapoanza kuunganisha haidrojeni kuwa heli. Hayo yote hutendeka gizani, vumbi likiwa limefunika.

Kilichonigusa ni kinachofuata. Mtoto akishawaka, huigeuza nyumba iliyomlea. Ndani ya nebula hiyo mna nyota changa yenye uzito zaidi ya mara 30 ya Jua letu. Miale yake ya urujuanimno, nuru isiyoonekana kwa macho, ndiyo hasa inayolifanya wingu ling'ae. Lakini pia upepo wake, yaani chembe zinazotoka kwake kwa kasi, umechimba pango kubwa, na mwaka 2019 wanaastronomia waliotumia SOFIA, darubini iliyobebwa na ndege, walieleza kwamba ganda la pango hilo linatanuka kilomita 13 kila sekunde. Gesi ambayo ingezaa nyota nyingine inafagiliwa mbali.

Niwaambie ya moyoni. Nimefundisha kwaya ya vijana kwa miaka mingi. Waliponipita, wakabadilisha nyimbo, ratiba, hata namna ya kusimama, nilimnung'unikia Mungu kwamba wanabomoa. Na si kwamba nilikosea kabisa: kuna vitu vizuri vilivyopeperuka, wala havitarudi. Ila wingu lile, bila watoto wake, macho yetu yasingeliona. Jumapili iliyopita mmoja wao aliongoza wimbo niliomfundisha akiwa darasa la nne. Aliuimba kwa namna yake, hata walioketi nyuma wakasimama. Mimi nilisikia mahali anapovuta pumzi. Ni palepale nilipomwonyesha.

Mungu hakumweleza Ayubu sababu ya majeraha yake. Alimwuliza tu kama ni yeye anayevilegeza vifungo.

Kabatini kwangu kuna daftari la nyimbo za zamani ambalo vijana wameniomba mara mbili, nami nikajifanya nimelisahau. Jumamosi, siku ya mazoezi, nitawapelekea. Niombeeni, mkono usiwe mzito nitakapolitoa.