Leo nilikuwa bungeni na shangazi

Jamani, ndiyo kwanza tunatoka bungeni hapa Kampala.

Alhamisi wabunge humuuliza Waziri Mkuu maswali. Shangazi yangu yuko mjini kutoka Arua, akaomba nimpeleke ajionee. Tukakaguliwa getini, tukapanda juu wanakoketi wageni.

Mjadala ulikuwa wa Kiingereza, basi nikawa namnong'oneza kwa Kiswahili.

Mara mbunge mmoja akasimama: kwao kituo cha afya kimejengwa, wakunga hawatoshi, kina mama wanajifungulia njiani.

Shangazi akanishika mkono. Alimpoteza mjukuu hivyo hivyo.

Wageni hawaruhusiwi kupiga makofi kule juu. Akaiviringisha leso yake mikononi, akaikaza mpaka vidole vikatetemeka.

Jibu likaja: suala litafuatiliwa.

Akanigeukia. "Lini, mwanangu?"

Sikuwa na la kumwambia.

Inaniuma mpaka sasa. Tangu 2005 Katiba yetu inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Swali lile lilikuwa lake kabisa, alistahili kulisikia moja kwa moja, si kupitia kwangu.

Nyinyi mlioko Gulu, Mbale, Kasese, wakunga kwenu wapo? Niandikieni hapa, nitamsomea shangazi usiku huu.