Kibanda Kilichochelewa

Fainali ya Kombe la Dunia ya tarehe 18 Desemba 2022, Argentina na Ufaransa, niliitazama Ngamiani, Tanga, katika kibanda umiza ambacho mjomba alikichagua kwa sababu ileile iliyowafanya wengine wakikimbie: picha yake ilichelewa.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na kibanda kingine chenye king'amuzi na dishi, kiingilio shilingi 1,000, kimefurika mpaka watu wamekalia kreti za soda. Chetu kilikuwa 500 na mabenchi yalibaki. Mwenyewe alikuwa akivuta matangazo kwa intaneti: simu inalisha kompyuta, kompyuta inalisha projekta, projekta inamulika shuka jeupe lililopigiliwa misumari pembe zote 4. Picha ya dishi hupanda angani na kushuka, ikachelewa sekunde chache tu. Ya intaneti hukatwa vipandevipande, vipande vikapangwa foleni kwanza ili picha isikwame, ndipo mtazamaji aone. Kati ya vibanda vile viwili tofauti ilikuwa kama sekunde 25. Nilizihesabu kwa saa ya mkononi mpira ulipoanza saa 12 jioni, maana filimbi ya Qatar na saa ya Tanga zinakwenda sawa.

Mjomba alikuwa mshika kibendera wa ligi za wilaya, mtu aliyekimbia pembeni mwa chaki miaka mingi huku akitukanwa na pande zote mbili. Mimi mpira nilikuwa naujua kwa majina na rangi za jezi, basi.

"Mjomba," akaniambia, kwani kwetu mjomba na mpwa huitana jina hilohilo, "ng'ambo wakipiga kelele, wewe usihangaike na mpira. Una sekunde 25. Tafuta uwanjani pametupu wapi."

Hata hivyo dakika 10 za kwanza alinipa kazi nyingine: nichague mchezaji mmoja nisimwache, awe na mpira asiwe nao. Alinichagulia Ángel Di María wa Argentina. Mechi za mtoano zilizotangulia hakuanza hata moja, na siku ile kocha Scaloni alimweka winga ya kushoto. Mkononi mwa mgeni wa soka jambo hilo halina uzito. Mjomba alilipa uzito kwa kunionesha anayemkabili: Jules Koundé wa Ufaransa, beki wa kati kwa kazi yake, aliyekuwa akichezeshwa beki ya kulia. Beki wa kati amezoea kuwa na mwenzake ubavuni na mstari wa mbali nyuma yake. Akiwekwa pembeni, peke yake na winga mwenye chenga, anakosa wa kumfunika. Wa kumsaidia angekuwa Dembélé, ambaye ni mshambuliaji. Kushuka kukaba hakuko damuni. Nikamtazama Di María kama nilivyoambiwa. Karibu muda wote alisimama amekanyaga chaki, mbali kabisa na wenzake, kama mtu aliyesahauliwa kwenye picha. Kumbe kusimama kule ndiko kulikoivuta safu ya Ufaransa ikawa pana kuliko ilivyotaka.

Kelele za kwanza zilivuka barabara kabla ya dakika ya 23. Fupi, zimechanganyika na ubishi, kisha kimya. Mjomba akainua kidole: "Hilo si goli. Penati." Goli, akaeleza, kelele yake hupanda mara moja na haishuki. Nafasi iliyokoswa hupanda ikavunjika katikati, halafu unasikia watu wanajipiga mapaja. Penati ina nusu ya watu wanashangilia na nusu wanabisha. Kwenye shuka letu Di María akamzunguka Dembélé, Dembélé akamwangusha kwa nyuma ndani ya boksi. Messi akafunga.

Adhana ya magharibi ilianza muda mfupi baadaye, kiasi cha nusu ya kibanda ikatoka. Ndiyo sababu Tanga kuna watu wazima ambao goli la dakika ya 36 walilikuta kwenye marudio. Mjomba aliahidi ataswali wakati wa mapumziko, msikiti ukiwa hatua chache, akabaki. Kelele zikaja, za kupanda na kutoshuka. Nikauacha mpira. Nikaangalia kushoto kwa Argentina na pale palikuwa patupu kama uwanja wa shule siku ya Jumapili. Messi akaugusa mara moja kwenda kwa Álvarez, Álvarez akamsukumia mbele Mac Allister aliyekuwa anakimbia, Mac Allister akaukata kwenda upande mwingine, na Di María akauinua juu ya kipa Lloris. Kila mtu kibandani alikuwa akimwangalia mwenye mpira. Mimi nilikuwa namsubiri Di María alikofikia. Sijui kama nimewahi kufurahia goli la timu nisiyoishabikia kiasi kile.

Dakika ya 41, kabla hata ya mapumziko, kocha wa Ufaransa, Deschamps, akawatoa Giroud na Dembélé, akaingiza Kolo Muani na Thuram. Watu walicheka. Mjomba hakucheka. Ufaransa ilimaliza kipindi cha kwanza bila kupiga shuti hata moja, na kocha anayengoja mapumziko ili asimwaibishe mchezaji anaweza kungoja mpaka goli la tatu.

Mapumziko ni dakika 15. Mjomba alikwenda msikitini, mimi nikanunua kahawa chungu na kashata, na mwenye kibanda akapambana na mashine yake. Ile duara ya kuzunguka ilikuwa imejitokeza mara mbili, na kila inapozunguka foleni ya vipande hurefuka, kwa hiyo ucheleweshaji huongezeka wala haurudi wenyewe. Dawa ni kufunga matangazo na kuyafungua upya. Hakuthubutu; aliogopa yasirudi. Alishusha ubora wa picha ili bando litoshe, na kuanzia hapo namba za jezi hazikusomeka. Mjomba aliporudi akasema si neno, mchezaji hutambulika kwa mwendo.

Aliniambia pia kuhusu mabadiliko. Kila timu ina wachezaji 5 wa kuingiza, lakini ina nafasi 3 tu za kusimamisha mchezo kwa ajili hiyo, mapumziko hayahesabiwi. Zikiingia dakika 30 za ziada, anaongezwa mchezaji mmoja na nafasi moja. Kwa hiyo kocha anayetoa wawili kwa mpigo hana papara, anabana nafasi. Mtazamaji wa kawaida akilijua hilo tu, benchi linakuwa na mchezo wake.

Dakika ya 64 Di María akatoka, akaingia Acuña, beki. "Koundé sasa atapumua," alisema mjomba, na uwanja ukabadilika mbele ya macho yangu: chaki ya kushoto haikuwa na mtu wa kuivuta Ufaransa tena, safu yao ikasogea juu. Dakika ya 71 wakatolewa Griezmann na Theo Hernández, wakaingia Coman na Camavinga. Kiungo akawekwa beki ya kushoto. Argentina waliochoka sasa walikuwa wakikimbizana na miguu mibichi.

Kelele za penati, nazo nilizitambua mwenyewe. Otamendi, beki wa Argentina, alimvuta Kolo Muani, Mbappé akafunga dakika ya 80. Kibanda chetu kilikuwa hakijamaliza kubishana ng'ambo walipolipuka tena. Watu wakadhani wanaoneshwa marudio. Mjomba akanishika goti. Kwenye shuka Messi alikuwa bado hajapokonywa mpira. Nikaona nafasi kabla ya tukio: viungo wa Argentina walikuwa wamepanda wote, na kati yao na mabeki pamebaki ua mzima. Coman akamnyang'anya Messi, mpira ukafika kwa Mbappé, akapeana na Thuram, akaupiga hewani bila kuutuliza. Haikufika dakika mbili tangu goli la kwanza. Mtangazaji alisema ni maajabu. Sikuona ajabu, niliona ule ua.

Mwamuzi Marciniak aliongeza dakika 8. Kibandani walilalamika, lakini katika mashindano yale waamuzi walikuwa wameelekezwa kufidia muda wote unaopotea kwa magoli, majeruhi na mabadiliko, na kipindi kile vyote vitatu vilikuwepo.

Dakika 90 ziliisha 2-2, zikaingia 30 za ziada. Dakika ya 108 ndipo ushika kibendera wa mjomba ulipotoka kabatini. Kelele ng'ambo, kimya, kelele tena. Lautaro alipiga, Lloris akapangua, Messi akausukuma, Koundé akautoa. Ndani au nje? Mpira wote, mzima, lazima uvuke chaki yote. Ukibakiza ncha juu ya mstari si goli. Ukivuka wote, saa ya mwamuzi hutetemeka yenyewe ndani ya sekunde moja. Ile kelele ya pili ilihusu kuotea. Watu wengi hudhani kuotea hupimwa mpira unapofika. Hupimwa mpigaji anapougusa, ndiyo maana mchezaji anaweza kuonekana yuko peke yake na kipa na bado ni halali. Mstari nao si wa beki wa mwisho, ni wa mtu wa pili kutoka mwisho, na kwa kawaida wa mwisho ni kipa. Mikono haihesabiwi. Aliye nusu yake ya uwanja haotei, wala anayepokea mpira wa kurusha, wa kona au wa goli. Qatar kulikuwa na kamera 12 chini ya paa zikimfuata kila mchezaji kwa alama 29 za mwili mara 50 kwa sekunde. "Sisi tulikuwa na macho mawili na shingo," alisema mjomba, "na jua la saa 10."

Goli likakubaliwa, 3-2. Kisha Montiel wa Argentina akauzuia kwa mkono mpira wa Mbappé ndani ya boksi, dakika ya 118 Mbappé akafunga la tatu lake. Kwenye fainali ya wanaume aliyewahi kufunga matatu kabla yake ni Geoff Hurst, 1966. Hapa kelele zilinidanganya mara moja tu: ng'ambo walipiga ukelele mkubwa mno nikasema goli, kumbe Kolo Muani alibaki na kipa wa Argentina, Emiliano Martínez, peke yake, na Martínez akatanua mguu wa kushoto akaokoa. Ulikuwa wa kupanda na kuvunjika. Sikusikiliza mpaka mwisho.

Argentina ilimwingiza Dybala dakika za mwishomwisho kabisa. Sikuelewa, mjomba alielewa. Wanaopiga penati za kuamua mshindi ni wale walio uwanjani tu filimbi ya mwisho inapolia.

Ikaisha 3-3, zikaja penati hizo. Kufikia hapo picha yetu ilikuwa nyuma kwa karibu sekunde 40. Mbappé, Messi, wote wamefunga. Coman akapanguliwa. Dybala akafunga. Tchouaméni akapiga nje, Paredes akafunga, Kolo Muani naye. Kila penati tuliisikia kwanza, tukaiona baadaye. Wenzetu hawakustahimili. Ng'ambo walipolipuka kwa mara ya mwisho, mlipuko ambao haukushuka, kibanda kizima kilisimama na kukimbilia barabarani, na benchi letu likainuka upande mmoja kwa uzito wetu wawili.

"Kaa," alisema mjomba. "Mpigaji kila mtu anamwona. Tazama miguu ya kipa. Mpira unapopigwa, mguu mmoja lazima uwe juu ya chaki, usawa wake au nyuma yake."

Nje walikuwa wanapiga madebe, bodaboda zinapuliza honi. Kwenye shuka letu Montiel alikuwa ndiyo kwanza anatoka mstari wa kati, yuleyule aliyeushika mpira dakika ya 118. Nikayaondoa macho yangu kwake, nikayashusha kwenye viatu vya Lloris.